Tumbo la mgonjwa wa uloto lisitibiwe dukani

Ndugu Mhariri,

Kurasa za afya za magazeti yetu haziishiwi makala za vidonda vya tumbo, kuhara na bawasiri. Ushauri wake mwingi ni mzuri kwa mtu mwenye afya yake: kunywa maji, meza dawa ya kupunguza asidi, tumbo likifunga katafute dawa ya kulainisha. Shida ni kwamba kurasa hizohizo husomwa na ndugu wa mgonjwa mwenye saratani ya damu, mieloma (saratani inayoota ndani ya uloto), au uloto uliokauka, na kwa mgonjwa huyo ushauri uleule unaweza kumpeleka pabaya kwa usiku mmoja. Tunaomba nafasi tueleze kwa nini, na nini kifanywe, kuanzia nyumbani Mbagala au Bunju hadi kwenye meza ya mapokezi ya hospitali.

Uloto, ambao wengine wanauita uboho, uko ndani ya mifupa na ndio unaotengeneza chembe zote za damu. Chembe hizo hazina umri mmoja. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, chembe sahani zinazogandisha damu siku 7 hadi 10, na neutrofili, zile chembe nyeupe zinazowahi bakteria, haziishi ndani ya damu zaidi ya siku moja au mbili. Ndiyo maana uloto ukisimama, kwa ugonjwa wenyewe au kwa dawa, kinga ndiyo huanguka kwanza, hata kabla mgonjwa hajapauka. Ngozi ya ndani ya utumbo nayo hujibadilisha upya kila baada ya siku 3 hadi 5. Dawa za kemo, yaani za kuua saratani, hulenga seli zinazogawanyika haraka, na hazichagui: zinachubua utumbo wakati uleule zinaposimamisha uloto. Kwa hiyo, kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu ya kemo, mgonjwa ana utumbo uliochubuka, umejaa bakteria kama wa kila mtu, na hana neutrofili za kuwazuia wasiingie kwenye damu. Karibu kila tutakalosema hapa linatoka kwenye jambo hilo moja.

Familia ijifunze kusoma karatasi ya FBP, ile picha kamili ya damu. Si lazima kuielewa yote. Tafuteni mistari miwili. Wa kwanza ni NEUT, na mara nyingi huandikwa mara mbili: mmoja una alama ya asilimia, mwingine una alama ya #. Wengi hutazama ule wa asilimia, wakaona 45, wakaridhika. Asilimia peke yake haisemi kitu. Kama chembe nyeupe zote, pale palipoandikwa WBC, ni 0.8, na 45 kwa 100 ya hizo ni neutrofili, basi neutrofili halisi ni 0.36, maana yake 360 katika kila mikrolita ya damu. Vitabu huweka mpaka wa chini wa kawaida karibu na 1,500 (wapo Waafrika wengi wazima kabisa walio chini kidogo ya hapo, hao wasitishwe bure). Chini ya 500 ni hatari, chini ya 100 ni hatari kubwa. Mstari wa pili ni PLT, yaani chembe sahani. Ukiona 8, soma 8,000. Mtu wa kawaida ana 150,000 na zaidi. Karatasi hiyo isikunjwekunjwe ikapotelea kwenye mkoba. Ipigwe picha kwenye simu siku ileile.

Kipimajoto kiwepo nyumbani. Nyuzi 38 zikidumu saa nzima, au 38.3 hata mara moja, kwa mgonjwa ambaye neutrofili zake ziko chini ni dharura, na antibayotiki ya mshipani inatakiwa ianze ndani ya saa moja tangu afike hospitali. Kwapani husoma chini kidogo kuliko mdomoni, kwa hiyo ukipata 37.5 kwapani na mgonjwa anatetemeka, usingoje ifike 38. Kosa tunaloliona mara kwa mara ni kumpa parasetamoli kwanza "homa ishuke ndipo twende". Homa inashuka kweli, mgonjwa anakaa, usiku unapita, na asubuhi presha imeanguka. Pimeni kwanza, andikeni saa na namba, kisha ondokeni. Foleni ya Mandela Road haina huruma saa kumi na mbili jioni, na anayetoka Kigamboni lazima apige hesabu ya kivuko au daraja. Homa ikianza alasiri, ondokeni alasiri hiyohiyo.

Sasa tumbo lenyewe. Kuna ugonjwa unaoitwa kitaalamu tiflaitisi, uvimbe wa sehemu ya mwanzo ya utumbo mpana, upande wa chini kulia. Unampata mgonjwa ambaye neutrofili zake ziko chini ya 500, mara nyingi wiki ya pili baada ya kemo kali, hasa zile zenye saitarabini. Dalili ni homa, tumbo kujaa, maumivu chini kulia, na mara nyingi kuhara, pengine kuna damu. Msomaji ameshatambua: hayo yote yanafanana na kidole tumbo. Na hapo ndipo mambo huharibika kwa njia mbili. Nyumbani wanasema ni gesi. Hospitali ndogo wanasema ni kidole tumbo, wanaandaa upasuaji kwa mgonjwa mwenye chembe sahani 12,000.

Kwa wenzetu wa zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya tunasema hivi. Tumbo laini lisiwadanganye. Ule ugumu wa tumbo mnaoutafuta kwa vidole unahitaji chembe nyeupe ili utokee, na kama mgonjwa yuko kwenye deksamethasoni au predinisoloni, dawa zinazotuliza kinga, unafichwa zaidi. Altrasaundi inasaidia sana na haina madhara: ukuta wa utumbo ukizidi milimita 4 kwa mgonjwa wa namna hii, mchukulie kuwa ana tiflaitisi mpaka ithibitike vinginevyo. Matibabu yake ni kuupumzisha utumbo, maji ya mshipani, damu na chembe sahani zikihitajika, na antibayotiki zinazofika kwa bakteria wa utumbo wote, wakiwemo pseudomona na wale wasiohitaji hewa: piperasilini na tazobaktamu, au meropenemu, au sefepimu ikiongezwa metronidazo. Seftriaksoni, ambayo ndiyo iliyojaa kwenye makabati yetu, haimgusi pseudomona. Ikiwa ndiyo pekee iliyopo, dozi ya kwanza isicheleweshwe, lakini barua ya rufaa iandikwe wakati huohuo na simu ipigwe. Daktari wa upasuaji aitwe amwone mgonjwa, ila kisu kingoje: kazi yake ni utumbo uliotoboka, au damu isiyokoma hata baada ya kurekebisha ugandaji. Wengi hupona neutrofili zinaporudi.

Tuzungumze bila haya kuhusu njia ya haja kubwa. Kwa mgonjwa ambaye neutrofili au chembe sahani ziko chini, hakuna kitu kinachotakiwa kupita huko: kipimajoto, dawa ya kuchomeka, kidole cha daktari, wala bomba. Tunalitaja bomba makusudi kwa sababu wapo wanaowapiga watoto bomba la maji ya uvuguvugu au la mizizi tumbo likijaa. Mkwaruzo mdogo ambao kwa mtoto mwingine ungepona kesho, kwa huyu ni mlango wa bakteria kuingia kwenye damu. Na kuna jambo linalowachanganya hata wauguzi wapya. Jipu linahitaji neutrofili ili litunge usaha. Mgonjwa asiye nazo anaweza kuwa na uambukizi mbaya kando ya njia ya haja kubwa bila uvimbe, bila usaha, bila kitu cha kuona, ila maumivu tu anapokaa au anapojisaidia. Akisema "nyuma panauma", hiyo ni taarifa kamili. Msimpeleke kwa muuza dawa za bawasiri. Kujisafisha ni kwa maji safi na sabuni laini, kutoka mbele kwenda nyuma, kisha kukausha kwa kugusagusa, bila kusugua.

Damu nayo ina hila zake. Choo cheusi kinachonata kama lami na chenye harufu kali isiyo ya kawaida ni damu iliyotoka juu, tumboni au karibu na hapo, na haihitaji kuwa nyingi: mililita 50 hadi 100, ujazo wa kikombe kidogo cha kahawa, zinatosha kukigeuza choo kuwa cheusi. Vidonge vya madini ya chuma navyo hufanya choo kiwe cheusi, lakini mara nyingi ni weusi wenye ukijani, haunati, na harufu ni ileile ya siku zote. Halafu kuna bitiruti. Mjini hapa ukitaja upungufu wa damu tu, jirani ameshafika na jagi la juisi ya rozela na bitiruti. Bitiruti inaweza kuupaka choo na mkojo wekundu, familia nzima ikashtuka. Hatari zaidi ni kinyume chake, damu halisi inatoka na watu wanasema "ni ile juisi". Na kwa uloto uliosimama juisi haiongezi damu, kwa sababu kinachokosekana si malighafi. Tunashauri iachwe kabisa wakati wa matibabu, ili wekundu ukionekana pasiwe na mjadala.

Dawa za maumivu ndizo zinazowamaliza wengi kimyakimya. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huchubua tumbo na pia hudhoofisha zile chembe sahani chache zilizobaki. Vidonge vingi vya mchanganyiko vya kichwa na mafua vina aspirini ndani bila mnunuzi kujua, kwa hiyo maandishi madogo ya nyuma yasomwe. Sindano ya diklofenaki ya msulini ni mbaya mara mbili, kwani msuli wenyewe utavuja damu kwa ndani. Kwa mgonjwa asiyevuja popote wala hana homa, chembe sahani huongezwa zikishuka chini ya 10,000. Anayevuja, au anayetakiwa kuingizwa kamera tumboni, huhitaji zifike 50,000 hivi. Tofauti na damu nzima, chembe sahani haziwekwi kwenye friji. Zinakaa kwenye nyuzi 20 hadi 24, zikitikiswa muda wote, na hudumu siku 5 tu. Dozi moja ya mtu mzima kwa kawaida hukusanywa kutoka kwa wachangiaji 4 hadi 6. Kwa hiyo ndugu wanaojitokeza kuchangia wote Jumatatu kwa moyo mmoja wangesaidia zaidi kama wangegawana: wanne leo, wanne Alhamisi, wanne wiki ijayo. Na aliyekunywa aspirini siku hizo amwambie mhudumu kabla ya kutoa.

Kuhara kwa mgonjwa huyu kusikatwe kwa vidonge vya dukani kabla ya choo kupimwa. Loperamidi inaufunga utumbo, na kama ndani kuna sumu ya bakteria au tiflaitisi, umeifungia humo. Aliyetumia antibayotiki siku za karibuni anaweza kuwa na bakteria anayeitwa klostridioidi, ambaye huacha mbegu ngumu zisizouawa na ile jeli ya mikono yenye spiriti. Wodini na nyumbani, mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Jeli haitoshi hapo. Dawa za kupunguza asidi zinazomezwa miezi na miezi bila sababu nazo humfungulia njia bakteria huyo. Wakati mnajiandaa kwenda hospitali, mpeni maji ya chumvi na sukari: pakiti moja ya ORS kwenye lita moja kamili ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Kama hakuna pakiti, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, kwa lita moja. Chumvi isizidi. Hesabuni safari za chooni na, ikiwezekana, kiasi. Chupa ya maji ya nusu lita ni kipimo kizuri cha macho.

Tukae kidogo kwenye minyoo, kwa sababu hapa ndipo nchi kama yetu inapotofautiana na zile zilikoandikiwa miongozo mingi ya matibabu. Yupo mnyoo mdogo, strongiloidi, anayeingia kwa kupenya ngozi ya mtu anayekanyaga udongo peku. Tofauti na safura au minyoo wengine wa kundi hilo, huyu anaweza kuzaliana ndani ya mwili uleule na kukaa humo miongo bila kumsumbua mwenyewe, isipokuwa labda mwasho unaotambaa makalioni na tumbo linalouma mara mojamoja. Kisha mtu anagundulika na mieloma au lukemia (saratani ya damu), anaanzishwa deksamethasoni au predinisoloni, ambazo ni sehemu ya lazima ya tiba, na kinga iliyokuwa inambana mnyoo inalegea. Viluwiluwi hutoka utumboni kwa maelfu kwenda mapafuni na hata kwenye ubongo, vikibeba bakteria wa kinyesi. Mgonjwa analetwa na tumbo lililovimba, kikohozi na homa, kila mtu anatafuta chanzo cha bakteria, na chanzo ni mnyoo. Kipimo kimoja cha choo humkosa mara nyingi. Zile chembe nyeupe ziitwazo eosinofili zinazopanda kwa wenye minyoo hushushwa na dawa hizohizo, kwa hiyo zikiwa kawaida zisimtulize mtu. Kidonge kimoja cha albendazo cha kampeni za shuleni hakitoshi kumtoa. Kinachofanya kazi ni aivamektini, mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito, siku moja au mbili mfululizo: mtu wa kilo 60 anahitaji miligramu 12, ambazo ni vidonge 4 vya miligramu 3. Haitolewi kwa mtoto wa chini ya kilo 15 wala kwa mjamzito bila uamuzi wa daktari bingwa. Maoni yetu ni kwamba mgonjwa aliyekulia au kulima maeneo ya udongo wenye unyevu apimwe, au apewe dawa hiyo, kabla ya kidonge cha kwanza cha deksamethasoni. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na kitanda kimoja cha chumba cha mahututi.

Kufunga choo kunadharauliwa kuliko kuhara. Vinkristini, dawa inayotumika sana kwa watoto wenye lukemia, hupooza mishipa ya fahamu ya utumbo. Tumbo linaweza kusimama kabisa likajaa kama ngoma. Hali huwa mbaya zaidi mgonjwa akipewa wakati huohuo dawa za fangasi kama itrakonazo au vorikonazo, kwa sababu zinazuia ini lisiivunje vinkristini. Mofini, dawa ya maumivu makali, inafunga choo kwa karibu kila anayeitumia, na dawa ya kuzuia kutapika, ondansetroni, huongezea. Basi siku mofini inapoanza, dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyohiyo. Siku mbili bila choo, waambieni madaktari. Ya tatu msingojee. Kwa mwenye mieloma kuna jingine: choo kufunga, kiu isiyoisha, kukojoa sana na kuchanganyikiwa ni dalili za kalsiamu iliyopanda kutoka kwenye mifupa inayolika. Huyo hahitaji papai, anahitaji kipimo cha damu leo.

Mdomo ndio mwanzo wa njia hiyo yote. Vidonda huanza kati ya siku ya 5 na ya 10 baada ya dripu na hupona damu inaporudi. Suuzeni kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha soda ya kuokea kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa, kila baada ya saa 4, kisha temeni. Mchanganyiko utengenezwe upya kila siku. Tunasema soda ya kuokea: si magadi ya kulainishia maharage, na si hamira. Ikikosekana, chumvi peke yake inatosha. Mswaki uwe laini kabisa, dawa za kusukutua zenye spiriti ziachwe. Utando mweupe unaokwanguka ni fangasi, na akisema chakula kinamchoma kifuani kinaposhuka, huenda fangasi wameshafika kwenye umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Hapo nistatini ya kudondoshea mdomoni haitoshi, anahitaji flukonazo.

Kuna kinga moja rahisi inayotushangaza kwamba bado haijulikani sana. Mgonjwa wa mieloma anayepewa melfalani ya dozi kubwa kabla ya kurudishiwa uloto wake mwenyewe, huduma ambayo hapa Muhimbili ilianza 2021, anyonye vipande vya barafu kuanzia dakika 5 hadi 10 kabla ya dripu, wakati wote wa dripu, na nusu saa baada ya hapo. Baridi inaifinya mishipa ya mdomo, dawa inapita kwa uchache, na kwa kuwa melfalani haikai muda mrefu kwenye damu, inakuwa imeshapungua mishipa inapofunguka tena. Barafu hiyo igandishwe kwa maji yaliyochemshwa. Zile za vifuko zinazouzwa mitaani hazifai.

Kuhusu chakula, familia nyingi zinaambiwa "asile kitu kibichi" halafu mgonjwa anakonda kwa uji mtupu. Tafiti zilizolinganisha marufuku kali ya vyakula vibichi na chakula cha kawaida kilichoandaliwa kwa usafi hazijaonyesha kuwa marufuku hiyo inapunguza maambukizi. Kinachojali ni usafi, moto, na muda. Embe au parachichi lililooshwa na kumenywa nyumbani kwa kisu safi ni sawa. Tikiti lililokatwa stendi likakaa juani chini ya nailoni si sawa. Kachumbari ya kibandani, juisi ya miwa yenye barafu, chipsi mayai ambayo kiini bado kinatembea, mishkaki yenye damu katikati, maziwa mabichi na mtindi wa kienyeji, viachwe. Udongo wa kutafuna nao, na tunajua wapo wanaoula kwa siri, hasa damu ikipungua.

Kiporo kinahitaji maneno yake. Wali uliolala juu ya meza huota bakteria ambaye sumu yake haifi ukiupasha moto, hata ukiukaanga upya na vitunguu. Kwa joto la Dar es Salaam, chakula kilichopikwa kikae nje saa moja, kisizidi mbili. Kisha kiliwe au kiingie kwenye friji. Umeme ukikatika usiku kucha, hicho chakula wale wengine, mgonjwa apikiwe kipya. Mdomo ukiwa na vidonda, mtori uliopoa, ndizi zilizopondwa, uji wa lishe wa vuguvugu na yai lililochemshwa likaiva vinapita. Pilipili, ndimu na ukwaju vitachoma. Balungi lisiliwe kabisa na anayetumia imatinibu, kidonge cha lukemia sugu, au saiklosporini, dawa ya kutuliza kinga, kwa kuwa huzuia dawa isivunjwe na kiwango chake kinapanda. Imatinibu yenyewe imezwe katikati ya mlo na glasi kubwa ya maji, la sivyo kichefuchefu chake kitamfanya mgonjwa aanze kuruka dozi.

Kuna matumbo mengine hayatokani na kemo. Mwenye bandama kubwa, kwa lukemia sugu au uloto uliogeuka makovu, hushiba kwa matonge matatu kwa sababu bandama imelikandamiza tumbo. Apewe milo midogo mara sita, asikaripiwe. Mwenye damu nzito iliyozidi chembe nyekundu anaweza kugandisha damu kwenye mishipa ya ini na utumbo, na tumbo likajaa maji kwa siku chache. Akipewa tu dawa ya kukojoa, chanzo kinabaki.

Wapo pia wanaorudi kutoka India baada ya kupandikizwa uloto wa ndugu, na sasa wapo watoto wenye selimundu waliopandikizwa Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Uloto wa mtu mwingine unaweza kuushambulia mwili uliouhifadhi. Hutokea hasa katika siku 100 za mwanzo, lakini haujali kalenda. Mara nyingi huanza na upele kwenye viganja, nyayo au nyuma ya masikio, kisha kuhara maji ya kijani. Nusu lita kwa siku ni mwanzo. Lita moja na nusu ni hali mbaya. Huko hakutibiwi kama kipindupindu wala amiba. Mgonjwa hatakiwi kuacha saiklosporini kwa sababu anahara, wala kumeza dozi nyingine kwa kubahatisha baada ya kutapika. Arudi kwa timu iliyompandikiza, au kwa waliokabidhiwa faili lake, siku ileile.

Tunapendekeza jambo moja linalowezekana wiki hii bila bajeti ya mtu. Kila mgonjwa wa uloto awe na kadi ndogo ya karatasi ngumu ndani ya kitambulisho chake, iandikwe kwa kalamu isiyofutika: jina la ugonjwa; tarehe ya dripu ya mwisho na majina ya dawa; neutrofili na chembe sahani za mwisho na tarehe yake; kundi la damu; simu ya wodi. Nyuma yake, kwa herufi kubwa: NIKIWA NA HOMA AU TUMBO LINAUMA, NISIKAE FOLENI. USINIPE DIKLOFENAKI. USINICHOME SINDANO YA MSULI. USIINGIZE KITU NJIA YA HAJA KUBWA. PIMA FBP SASA, ANZA ANTIBAYOTIKI KABLA MAJIBU HAYAJATOKA. Ndugu anayemsindikiza aitoe kabla ya kutoa kadi ya bima.

Wauguzi na wafamasia wanaohudumia wagonjwa wa damu,
Dar es Salaam